Mkwe Wetu Anataka Kiti Kiwe na Mikono

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisamehe kwanza ndipo unisaidie, maana nimekaa kimya muda mrefu mno tangu uliponijibu katika safu hii, na mtu aliyepewa ushauri akautumia kisha asirudi kusema hata asante ni sawa na mgeni aliyekula akaondoka bila kuaga. Ukweli ni kwamba mwanzoni nilinyamaza kwa sababu ulinikasirisha. Nilikuandikia kuwalalamikia mafundi cherehani walionunua viti vyetu, nikitarajia kwamba utawasuta kwa kukosa shukrani, nawe ukanigeukia mimi ukasema, "Mama, umekaa kwenye kiti chako ukawaza kiti cha mwenzako, nyanyuka ukakae alipokaa yeye." Nikalikunja gazeti nikalitupa juu ya kabati. Baadaye nikalishusha, nikafanya ulivyosema, na tangu hapo kazi imenishika hata sikupata nafasi ya kukuandikia, mpaka sasa ambapo furaha yangu imeingiwa na mchanga.

Kwa wasomaji ambao hawakuiona barua ya kwanza, mimi ni msanifu katika karakana ya viti aliyotuachia marehemu baba. Mimi ndiye ninayechora na kuamua kiti kiwe na umbo gani, mdogo wangu ndiye msimamizi, na hata nyumbani tunamwita Meneja kwa sababu hawezi kuomba chumvi bila kutoa amri. Tuliamua kutengeneza kiti maalumu cha mafundi cherehani. Kama watu waungwana, tuliwauliza kwanza wanataka kiti cha namna gani, nao wakajibu bila kusita kwamba wanataka kiti laini, kiti imara, kiti cha heshima. Tukawapa. Kwa ajili ya ulaini tukaweka sponji nene, kwa ajili ya uimara tukaongeza unene wa mbao, na kwa ajili ya heshima tukakitia egemeo refu na mikono miwili ya kuchongwa. Tukakijaribu pale pale karakanani, kila mmoja akakaa na kikombe chake cha chai, tukapongezana. Mafundi wakavinunua, na haukupita muda tukasikia kwamba wengine wamevirudia viti vyao vya zamani vya plastiki, na wengine wamevikata vyetu mikono kwa msumeno. Mdogo wangu alipopata habari hiyo alishika kichwa. "Dada, wametukata mikono!" akasema, na kwa jinsi alivyosema ungedhani kwamba damu imemwagika.

Basi nikaenda. Mafundi hao wanafanya kazi katika ukumbi mmoja mrefu wa ghorofa ya chini, madirisha upande mmoja, nguo zilizotundikwa upande wa pili, na katikati safu ya vyerehani vya kukanyaga. Kiongozi wao ni mshonaji wa magauni ya harusi ambaye wote humwita Mama Mkasi, kwa sababu mkasi wake hauondoki shingoni, na kwa sababu ulimi wake unakata kuliko huo mkasi. Nilipojitambulisha, alinitazama toka utosini hadi kwenye kandambili.

"Ahaa, kumbe ndiye wewe mwenye viti vya kunywea chai."

"Vya kunywea chai kivipi, mama?"

"Si ukae uone. Kinakukaribisha, kinakuegemeza, kimebaki kukuuliza sukari vijiko vingapi. Mimi sikuja hapa kunywa chai, bibi wee. Nimekuja kushona."

Wenzake wakacheka mpaka vyerehani vikasimama. Nami nikameza aibu yangu nikamwuliza, basi yeye anataka kiti cha namna gani, na unajua alinijibu nini, Mshauri? Akasema, "Kiwe laini, kiwe imara, kiwe cha heshima." Maneno yale yale! Hapo nilitambua kwamba hakuwa akinidanganya, na wala hakuwa akinificha kitu. Alikuwa amekaa vibaya kwa miaka mingi hata mwili wake ukazoea, na mwili uliozoea hauna maneno. Nikaacha kuuliza. Nikaomba kona karibu na meza ya kupigia pasi, nikakaa, nikatazama, nikarudi tena na tena mpaka wakaacha kunikaribisha, na mtu akiacha kukukaribisha ndipo unapomwona alivyo.

Niliona kwamba Mama Mkasi hukunja mabaki ya vitambaa na kuyakalia, lakini hayaweki katikati ya kiti, mahali ambapo mtu anayetaka ulaini angeyaweka, bali huyasukuma nyuma kabisa, ili ainuke kidogo na kuielekea sindano bila kuvunja kiuno. Alichokiita laini ni kiti kinachoinama pamoja naye, na sponji yetu nene ndiyo iliyokuwa adui, kwani ilimmeza mpaka kisigino kikaachana na kanyagio. Niliona jirani yake akisukuma kipande cha katoni chini ya mguu wa kiti kila baada ya ukumbi kufagiwa, kwa sababu sakafu ya saruji imepasuka na haiko sawa. Kiti kiliyumba kwa kosa la sakafu, na sisi tulikuwa tumekiongezea mbao. Na niliona gauni la harusi likimwagika kutoka mapajani mwa Mama Mkasi kama maziwa yanayochemka, likapita pembeni mwa kiti, pale pale ambapo msumeno ulikuwa umepita. Wakanionyesha gauni jingine lililowahi kunaswa na mkono wa kiti chetu likachanika jioni ya kuamkia harusi. Sikuwa na haja ya kuuliza tena heshima ni nini. Kwa fundi wa harusi, heshima ni kumkabidhi bibi harusi gauni lisilo na tundu.

Nikarudi karakanani nikamwambia Meneja kwamba mteja hutupatia sifa, na sifa haipimwi kwa rula, kwa hiyo kila sifa lazima tuigeuze kuwa kazi ambayo kiti kitaifanya na ambayo sisi tunaweza kuikagua kwa macho na mikono kabla kiti hakijatoka mlangoni. Nikamtajia masharti yangu: kikalio kiwe juu nyuma kuliko mbele, ukingo wa mbele uviringwe usikate paja, kisigino kisiachane na kanyagio, awe fundi mfupi au mrefu, mguu mmoja uweze kurefushwa kwa kuzungushwa, ili kiti kikubaliane na sakafu yoyote, pembeni pasiwe na kitu chochote cha kunasa hata uzi, na nyuma pawe na egemeo fupi la kiuno, la kupumzikia wakati wa kutunga sindano.

"Dada," akasema, "hicho si kiti. Umenitajia kiti kilichofukuzwa kazi, kikanyang'anywa hata sare."

Tukagombana, tukapatana, tukatengeneza. Cha kwanza Mama Mkasi alikirudisha akisema kwamba kinamsukuma kama mtu aliye nyuma yake kwenye foleni, nasi tukapunguza mwinuko. Cha pili alikirudisha kwa sababu egemeo lilimgusa pale ambapo hakutaka kuguswa, nasi tukalishusha. Cha tatu hakukirudisha. Alikikalia asubuhi akaanza kushona, nami nikakaa konani kwangu, na mchana ulipofika jirani yake akainua uso akasema, "Mama Mkasi, leo mbona hujasimama kujinyoosha?"

Akasimamisha cherehani. Wote wakasimamisha. Mama Mkasi akajishika kiuno kana kwamba anatafuta kitu kilichopotea, akakikosa, akatutazama, halafu akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka kwa mwenye jengo. Wakaitikia wote. Wakaanza kusukumana kukikalia kile kiti, mmoja akitoka mwingine anaingia, na mimi, mwanamke wa umri wangu mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani, nilijikuta nimebebwa juu juu kama kombe. Jina la kiti halikujadiliwa. Kinaitwa Kiti cha Mama Mkasi, kwa ridhaa yake mwenyewe, na leo ukiingia katika ukumbi ule, na katika kumbi nyingine za mafundi za mji huu, hukuti mtu amekalia plastiki.

Sasa sikiliza mchanga ulikoingilia. Baba yake wifi yangu, yaani mkwe wa mdogo wangu, ana duka kubwa la samani katika barabara kuu. Amesikia sifa za kiti akasema kwamba yuko tayari kuchukua vyote tutakavyoweza kutengeneza, jambo ambalo limetufikia wakati mzuri, kwa kuwa mafundi cherehani wa mji wameshavinunua, kazi karakanani imeanza kupungua, na mdogo wangu alikuwa ameanza kufikiria ni seremala yupi atakayemwambia apumzike nyumbani, wakati wengine kati yao walishika randa pamoja na baba. Mkwe akaja kukiona kiti. Tukampokea kwa heshima zote, tukakiweka kiti katikati ya chumba cha wageni, tukamketisha, wifi akamletea baba yake chai. Mzee akakunja nne, akajiegemeza kama wazee wanavyojiegemeza, akateleza mbele, na chai ikamwagikia suruali yake ya kijivu. Sote tukatazama ukutani. Mkwe akajifuta, akacheka kwa mdomo uliofungwa, akasema, "Kiti hiki kinamfukuza mgeni." Kisha akatoa masharti yake: kitiwe mikono, kitiwe egemeo refu, kikalio kiwe bapa na chenye sponji ya kutosha, na jina libaki lile lile kwa sababu limeshajulikana.

Ningemjibu nini, na mkwe hahojiwi? Alipoondoka tu, mimi na mdogo wangu tukaanza.

"Dada, mteja ni yule anayelipa."

"Mteja ni yule anayekaa."

"Anayekaa ameshanunua! Maseremala wetu watakula nini, mwinuko wa kikalio?"

Naye Mama Mkasi, ambaye habari hazimchelewi, amenitumia ujumbe kwamba jina lake halitapanda juu ya mikono ile, na kwamba tukiirudisha atakwenda kuikata kwa msumeno mbele ya dirisha la duka la mkwe, mchana, watu wakiona. Ninamfahamu. Atakwenda.

Mkwe anarudi Jumamosi kuchukua jibu. Nikikubali, nitakuwa nimekiua kwa mkono wangu kiti ambacho ndicho kazi bora ya maisha yangu, na kuwageuka wanawake walionibeba juu juu. Nikikataa, nitawarudisha nyumbani maseremala wa baba na kumtia mdogo wangu aibu mbele ya mkwe wake. Usiku na mchana nageuka huku na huku. Naomba msaada wako, na safari hii nakuahidi kwamba gazeti halitaenda kabatini.

Wako,
Dada wa Karakana

*

Dada wa Karakana,

Karibu tena. Usihofu kuhusu lile gazeti. Mengine hufungia samaki, hilo lako angalau lilipata kabati.

Kwanza nikupe haki yako. Ulifanya jambo ambalo watu wengi wenye meza kubwa hawalifanyi. Uliambiwa "laini" na hukukimbilia sponji mara ya pili. Ulikaa konani ukaona mwenyewe mabaki ya vitambaa yanawekwa wapi, ukalitoa neno kinywani mwa mteja ukalifikisha kwenye ubao likiwa sharti ambalo seremala anaweza kulitimiza na wewe ukaweza kulikagua. Kigelegele kile kilikuwa chako kwa haki. Nilipofika pale nilikiitikia peke yangu ofisini, na mhariri akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna aliyejifungua.

Sasa vua miwani yote miwili unisikilize. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta swali moja tu ulilomwuliza mkwe. Sikuliona. Kwa Mama Mkasi ulikaa mpaka wakaacha kukukaribisha; kwa mkwe ulitazama ukutani. Alisema "mikono" nawe ukasikia mikono. Alisema "sponji" nawe ukasikia sponji. Hayo ndiyo yale yale uliyowafanyia mafundi mara ya kwanza, ila mara ya kwanza uliyatii maneno, na mara hii unayapiga vita. Kuyatii na kuyapiga vita ni mamoja, kama hujajua yametoka wapi.

Halafu, dada yangu, mlimpa chai! Hivi hukusikia ulipokuwa ukiandika? Kiti ambacho umehangaika nacho ili kisiwe cha kunywea chai, mmekiweka katikati ya chumba cha wageni, mkampandisha mzee wa watu, mkampa kikombe. Hapakuwa na cherehani mbele yake, wala kanyagio chini ya mguu wake, wala kitambaa mkononi. Kiti kilifanya kazi yake barabara: kilimpeleka mbele kwenye kazi. Kazi haikuwapo, akaenda pamoja na chai yake. Mkwe hakukosea aliposema kwamba kinamfukuza mgeni. Alisema kweli tupu. Nyinyi ndio mliomfanya mgeni.

Na usiniambie habari za mkwe hahojiwi. Najua heshima ni nini, nina wakwe wangu na ninawaogopa ipasavyo. Lakini kumheshimu mtu si kumnyima masikio. Humhoji; unamwomba akufundishe. Mwambie, "Mzee, sisi tunajua kutengeneza viti, wewe unajua kuviuza, tuelezee mtu akiingia dukani kwako hufanya nini." Hakuna mkwe duniani anayechukia swali hilo. Huenda ukalazimika kuandaa chakula cha jioni, kwa sababu jibu litakuwa refu.

Nitabahatisha atakachokuambia, nawe utanisahihisha. Mtu anayenunua samani dukani hukaa kwenye kiti akiwa na mkoba begani, akizungumza na mwenzake, akiangalia bei ya kabati lililo jirani. Hukaa kama mgeni. Akiteleza mbele ya watu, ataona aibu, atacheka kwa mdomo uliofungwa kama mzee alivyocheka, na atatoka. Mkwe alipokuwa akijifuta suruali hakuwa akiiwaza suruali. Alikuwa akiwaona wanunuzi wake wote wakiteleza mmoja baada ya mwingine. Haja yake ni kwamba mtu yeyote asiaibike dukani kwake. Mikono na sponji ni dawa aliyojitungia mwenyewe, kama vile mafundi walivyojitungia ule ulaini. Mgonjwa akikutajia dawa, wewe mwulize panapouma.

Wewe na mdogo wako mnabishana kama watoto wanaovutana shuka. Anayelipa ni mteja, na anayekaa ni mteja. Kiti kisichouzika hakimfikii fundi wa mji wa pili, na kiti kinachomwumiza fundi hakiuziki mara mbili. Mafundi wa mji wako wameshawafundisha somo hilo kwa msumeno. Masharti ya fundi umeyaandika vizuri. Yaliyobaki ni kuandika masharti ya mwenye duka, yaende kando ya yale ya kwanza bila kuyafuta. Labda kiti kinahitaji kupangwa kimoja juu ya kingine ghalani. Labda kinahitaji rangi tatu. Labda kinahitaji kutokutana na mtu bila kazi yake kuwa mbele. Sijui, na wewe pia hujui, na hilo ndilo kosa lako.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya Jumamosi nenda dukani kwa mkwe, mwombe kona kama ulivyomwomba Mama Mkasi, ukae, utazame watu wanavyonunua. Mzee akishangaa, mwambie mimi ndiye niliyekutuma. Jumamosi akija, chumba cha wageni kifungwe na ufunguo akae nao wifi. Mpeleke karakanani moja kwa moja, mweke kwenye kile kiti mbele ya cherehani, mpe kitambaa, na mwalike Mama Mkasi aje kumfundisha mshono mmoja. Wewe usieleze. Ukianza kueleza mwinuko wa kikalio nitajua, hata nikiwa huku. Kiache kiti kiseme.

Akishashona na bado akataka mikono, usimkunjie uso. Mtengenezee kiti chake cha wageni, kizuri, chenye mikono, egemeo na sponji, mpe jina analolitaka, kwa maana watu wa kunywa chai nao wana haki ya kukaa vizuri. Lakini kiti chenye jina la Mama Mkasi hakitiwi mikono, si kwa mkwe, si kwa mfalme. Hapo usirudi nyuma hata unyayo. Jina lile ni ahadi waliyokubebea juu juu. Huwezi kuishusha chini ukaitia sponji.

Na mwambie mdogo wako kwamba ameonewa kuhusu chumvi, lakini aanze kusema "tafadhali."

Mshauri

*

Kwa kuwa Jumamosi haikungoja gazeti, jibu hilo nilimtangulizia Dada kwa mkono, na kabla ukurasa huu haujapelekwa mitamboni nimeletewa barua yake nyingine kwa njia hiyo hiyo, na kwa kuwa wasomaji watataka kujua, naiweka hapa kama ilivyo.

Mpendwa Mshauri,

Nilikwenda dukani nikakaa konani, na ulibahatisha vizuri kuliko nilivyopenda. Mkoba begani, macho kwenye kabati, mwili unatupwa kitini kama mzigo. Mkwe aliniona mwisho wa asubuhi akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia kwamba nimekuja anifundishe. Mshauri, alivuta kiti akaongea mpaka wafanyakazi wakaanza kufunga milango, na chakula cha jioni nilikula kwake.

Jumamosi tulimpeleka karakanani. Mama Mkasi alikuwa ameshafika, mkasi shingoni, akamfutia kiti vumbi ambalo halikuwapo.

"Karibu, mzee. Leo chai hakuna."

"Wala sikuitaka," mkwe akajibu, "ile ya juzi bado iko kwenye suruali."

Akakaa. Akaweka mguu kwenye kanyagio, akashika kitambaa, akaanza, na mshono wake ukaenda kama njia ya mtu aliyetoka kilabuni. Mdogo wangu alikuwa amezuia pumzi mpaka amebadilika rangi. Mimi nilijiuma ulimi kama ulivyoniagiza, na tafadhali jua kwamba uliuma. Mkwe alipofika mwisho wa kitambaa hakuinuka. Aligeuza kitambaa akaanza mshono wa pili. Katikati ya mshono huo akatoa kiwiko pembeni, pale ambapo mkono wa kiti ungekuwa, akakiacha hapo, kitambaa kikakwama kwenye kiwiko chake mwenyewe. Akakitazama kiwiko kile kwa muda.

"Sasa ile mikono," akauliza, "ilikuwa ikae wapi?"

Mama Mkasi akageuka akajifanya anatafuta sindano, mabega yakimtikisika.

Ndipo mzee mwenyewe akasema kwamba kiti hiki hakiwezi kusimama dukani peke yake, ni lazima kiwe na cherehani mbele yake, na tena pale dirishani, ili mtu asikikalie kama mgeni, na ili wapitao barabarani waone mtu akishona bila kujishika kiuno. Akaomba pia egemeo lifunguke ili viti vipangike ghalani, ombi ambalo seremala wetu mkubwa kabisa, rafiki wa baba, alianza kulifanyia kazi pale pale, penseli sikioni, kabla Meneja hajatoa amri. Meneja akamwambia, "Tafadhali, endelea." Wote tukamgeukia.

Jambo lililobaki ni dirisha. Dirisha la duka ni himaya ya mama mkwe, na mkwe anasema kwamba tangu waoane hajawahi kusogeza hata chombo cha maua pale bila idhini yake. Amekwenda kumwomba. Bado hajajibu, na mimi sitaki kushangilia kabla ya mwenye dirisha kusema neno lake. Lakini nilimwona mkwe alipokuwa akiondoka karakanani. Alikikunja kile kitambaa chenye mishono yake miwili iliyopinda, akakitia katika mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, akakipapasa kuhakikisha kwamba kimekaa. Mtu aliyekwisha kukataa haondoki na mshono wake.

Mama mkwe akishaamua nitakuandikia siku hiyo hiyo. Ukiona nimechelewa, usidhani kwamba nimekasirika tena. Ujue nimekalia Kiti cha Mama Mkasi na nimesahau kusimama.

Dada wa Karakana